Pete iliyokuwa chini ya miguu yetu: uchambuzi wa kisa cha detekta, kelele za umeme na udongo mwekundu

Majina, mahali na chochote kinachoweza kumtambulisha mhusika vimeondolewa. Vipimo vya kina na namba za kwenye skrini nimeviacha kama vilivyoandikwa daftarini. Aliyekosea siku ya kwanza ni mimi mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumficha.

Usuli

Mwanamke wa makamo alikuwa akipalilia matuta ya mboga. Udongo ulikuwa mbichi, mikono imemjaa tope, akawa anajipangusa kwa majani na kuendelea. Jioni akinawa ndipo alipoona kidole cha pete ni kitupu. Pete yenyewe ilikuwa ya ndoa, nyembamba, dhahabu ya karati 18, haina jiwe.

Aliponipigia simu, mimi ninayetafuta vitu vilivyopotea kwa detekta (mashine ya kutambua metali ardhini), zilikuwa zimepita wiki tatu, na katikati ya wiki hizo sehemu ya matuta ilishainuliwa upya kwa jembe. Jambo hilo nililisikia nikalipuuza, nalo lilikuwa kubwa. Pete iliyodondoka juu ya udongo hukaa juu kwa muda mrefu, lakini pigo moja la jembe laweza kuizamisha kina cha kiganja. Kwa hiyo hatukuwa tunatafuta kitu cha juu juu.

Shamba lilikuwa mita 20 kwa 30. Nilikuwa na detekta ya kawaida ya masafa ya chini, si ile ya mapigo, inayotuma uga wake kwa mapigo mafupi mafupi. Inaweza kutumia masafa mamoja (kilohezi 5, 10, 15 au 20) au kuyachanganya yote kwa mpigo. Koili zangu (kile kichwa bapa cha mashine kinachopitishwa juu ya udongo) ni mbili, ya sentimita 28 na ya sentimita 15, zote za muundo wa D mbili, yaani nyaya mbili za umbo la D zinazopishana ndani yake. Nilifuatana na kijana ninayemfundisha kazi.

Kwa asiyejua mashine hizi: upande mmoja wa koili hutoa uga wa sumaku unaogeuka maelfu ya mara kwa sekunde. Uga huo ukikuta metali, huzungusha ndani yake mkondo mdogo wa umeme, na mkondo huo nao hutoa uga wake dhaifu, ambao upande wa pili wa koili huusikiliza. Mashine hupima ukubwa wa jibu na jinsi lilivyochelewa. Kuchelewa huko ndiko kunakozaa namba tunayoiona kwenye skrini. Tatizo ni kwamba jibu hufifia upesi mno. Kitu kidogo kikishakuwa mbali kuliko upana wa koili, umbali ukiongezeka mara mbili jibu hushuka hadi karibu sehemu moja ya 64. Pete iliyo sentimita 11 chini haipigi kelele. Inanong'ona, na mnong'ono hufunikwa na chochote.

Hali ya eneo

Ukingo mmoja wa shamba ulipitiwa juu na laini ya umeme ya nyaya tatu, na kwenye kona palikuwa na nguzo yenye transfoma. Ng'ambo ya mpaka, jirani alikuwa na zizi lililozungushiwa uzio wa umeme. Nyumba ya mwenye pete ilikuwa mita 15 tu kutoka tuta la mwisho, inatumia sola, na inveta imefungwa kwenye ukuta unaotazama shamba.

Udongo ulikuwa mwekundu, wenye madini ya chuma. Karibu na katikati kulikuwa na doa jeusi, hatua sita kwa sita hivi, mahali palipochomwa magugu na takataka kwa miaka. Moto mkali ukipiga udongo wenye chuma, hasa penye majani na mboji, sehemu ya madini yake hugeuka kuwa na usumaku zaidi. Kwa macho ni majivu tu, lakini kwa detekta ni kama umevuka mpaka wa nchi. Njia ya kuingilia langoni ilimwagwa moramu. Iweke moramu hiyo akilini, maana itarudi.

Siku ya kwanza

Tulifika saa tatu asubuhi. Niliwasha mashine pale pale langoni, nikaisawazisha na ardhi, nikaingia shambani nikiwa nimechagua masafa mchanganyiko kwa sababu ndiyo ninayoyatumia siku zote. Hatua kumi hazikufika mashine ikaanza kubwabwaja: milio mifupi, namba zinaruka kutoka 3 hadi 90, hakuna chochote chini.

Nikafanya wafanyavyo wengi. Nikashusha usikivu. Kipimo chake kinakwenda 1 hadi 25, nami nilishuka kutoka 20 hadi 14, kisha 8. Kelele ikapungua, ila kila koili ilipokaribia doa jeusi ilirudi. Nikapandisha kichujio cha metali mpaka 35, maana yake kila kitu chenye namba chini ya hapo kinyamazishwe. Mashine ikatulia. Kijana akasema, "Sasa imekaa sawa, kaka." Nami nikaamini kimya kile.

Tulipita shamba zima kwa saa nne. Tulipata vizibo viwili, kipande cha sufuria na msumari mmoja mkubwa uliopenya kichujio. Saa saba mchana nilimwambia mwenye shamba, "Mama, kwa jinsi mashine inavyosema, pete haiko hapa."

Akanitazama kidogo. "Kama hujaiona, sawa mwanangu. Lakini siku ile sikutoka nje ya matuta haya."

Jibu lake lilinikera njiani kote, kisha likaanza kunisumbua kwa namna nyingine. Mashine haikusema kwamba pete haipo. Mashine ilinyamaza, na niliyeinyamazisha ni mimi. Sikuwa nimejaribu hata mara moja kama kwa mpangilio ule, juu ya udongo ule, ingeweza kuisikia pete.

Siku ya pili: dakika mbili za aibu

Nilimpigia simu, nikamwomba turudi, na nikamwomba pia pete nyingine ya dhahabu inayofanana na iliyopotea. Binti yake alikuwa nayo, nyembamba vile vile. Tuliifunga uzi mrefu wa nailoni wenye kitambaa chekundu mwishoni, tusije tukawa na pete mbili za kutafuta.

Kabla ya kugusa kitufe chochote nilirudisha mpangilio wa siku ya kwanza kama ulivyokuwa. Pete ikiwa juu ya udongo, mashine ililia vizuri, namba 38 hadi 41. Tukachoma ardhi kwa ubapa wa mbao, tukaisukuma sentimita 4 chini: mlio uliokatika, unasikika koili ikienda kulia tu. Sentimita 6: kimya kabisa.

Kwa hiyo saa nne za siku ya kwanza zilikuwa zimetafuta tabaka la juu lisilozidi sentimita tano, kwenye shamba lililopigwa jembe. Kujua hilo kulihitaji dakika mbili, na dakika hizo zilikuwapo tangu asubuhi ya kwanza.

Kelele ya hewani, ya mashine, ya ardhini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoshusha chochote mpaka tujue kelele inatoka wapi. Siku ya kwanza niliipa jina moja, "kelele", nikaitibu kwa dawa moja. Safari hii tuliigawa kwa majaribio matatu ambayo hayahitaji kifaa chochote.

La kwanza: koili ikiwa hewani, kimo cha kiuno, imeshikwa tuli kabisa. Detekta za aina hii huitika kitu kinapopita chini ya koili, kwa hiyo koili isiposogea, ardhi na metali za chini hazina la kusema. Ikilia ikiwa tuli, kelele inaingia kutoka hewani. La pili: koili bado iko hewani, sasa ipungwe huku na huku. Kelele mpya ikizuka hapo, ichunguze mashine yenyewe na mwili wako: waya, kiunganishi, kifungo cha chuma cha mkanda, chuma cha kiatu. La tatu: ishushe, uipunge juu ya udongo usio na metali. Kitakachoongezeka hapo ndicho cha ardhi.

Jaribio la kwanza lilitoa vitu vitatu juu ya kimoja. Kulikuwa na tiki, tiki, tiki, kila baada ya sekunde moja na kidogo. Hiyo haihitaji mganga: ni uzio wa umeme, ambao hutoa mapigo mafupi kwa mwendo huo. Kulikuwa na muungurumo wa kupanda na kushuka, uliokuwa mkali zaidi upande wa nyaya. Na kulikuwa na mlio wa kukwaruza usio na mpangilio, uliopungua nilipogeuza koili isimame wima, ubapa wake ukitazama mbali na nyumba. Koili ni kama antena, hivyo jinsi inavyoelekea hubadilisha kinachoingia, na kwa kuigeuza polepole unaweza kukisia chanzo kiko wapi. Tulikisia inveta.

Halafu kijana akatoa simu mfukoni aangalie saa, na mashine ikapiga kelele. Ilikuwa mfukoni mwake siku nzima ya kwanza, hatua mbili kutoka kwenye koili. Yangu pia.

Jaribio la pili lilinionyesha jambo ambalo sikulitegemea: milio miwili mitatu kila nilipopunga kwa nguvu. Waya wa koili ulikuwa umelegea kwenye mpini, unachezacheza karibu na koili. Nikauzungusha upya na kuukaza. Siku ya kwanza milio hiyo ilikuwa imehesabiwa kwenye dhambi za udongo.

Kuzima kinachozimika

Mwenye shamba alikwenda kwa jirani, akaomba uzio uzimwe mpaka saa saba. Jirani alikubali baada ya kuwahamisha ng'ombe. Inveta ikazimwa. Simu zikaachwa kibarazani. Hakuna mpangilio wa mashine unaoshinda kuondoa chanzo chenyewe, lakini mtu akishika detekta mkononi huwaza vitufe kwanza.

Nyaya hazikuzimika, bila shaka. Hapo ndipo tulipokuja kwenye masafa. Umeme wa gridi hutembea kwa hezi 50 au 60, chini sana ya masafa ya detekta, lakini haukai peke yake. Huzaa mawimbi ya ziada yanayopanda kwa ngazi za masafa hayo, nayo kwa kawaida hudhoofika kadiri yanavyopanda. Kihami kilichopasuka au kiungo kilicholegea kinachotoa cheche hakifuati utaratibu huo, hicho hupaka kelele kila mahali. Masafa mchanganyiko yana faida nyingi, ila husikiliza upana mkubwa kwa wakati mmoja, na karibu na nyaya upana huo huwa mlango uliofunguliwa wote.

Tulijaribu moja baada ya jingine, koili ikiwa tuli, sekunde 20 kila moja. Kilohezi 5 ilikuwa mbaya kuliko yote. Kumi ikapungua. Kumi na tano ilikuwa tulivu, na 20 ilikuwa tulivu vile vile. Tulichagua 15. Masafa ya juu huisikia vizuri dhahabu nyembamba, lakini pia huyashika zaidi madini ya udongo, na kwa vile 20 haikutupa utulivu wa ziada, sikuona sababu ya kuilipia.

Kisha nikaiacha mashine itafute chaneli yake. Hii ni ile kazi ya kusogeza masafa kidogo kidogo hadi ipate nafasi yenye utulivu. Ifanywe koili ikiwa tuli, mbali na metali, na vyanzo vinavyozimika vikiwa vimeshazimwa. Ukiifanya huku unatembea, mashine inapima mwendo wako.

Ardhi tatu katika shamba moja

Kusawazisha ardhi ni kuiambia mashine: jibu la namna hii ni la udongo, lihesabu kama sifuri. Unatafuta mahali pasipo na metali, unapandisha na kushusha koili kutoka karibu sentimita 3 hadi 25 juu ya udongo, na unarekebisha mpaka sauti isibadilike inaposhuka wala inapopanda. Ukikosea, kila wimbi la mkono linalobadilisha kimo cha koili linazaa mlio, na pete ya chini inazama humo.

Langoni, pale nilipoisawazisha siku ya kwanza, namba ilikuwa 79. Shambani, juu ya tuta la kawaida, ilikuwa 64. Nilikuwa nimeisawazisha mashine na moramu, kisha nikaipeleka kwenye udongo mwingine na kuilaumu kwa kulia. Mtu anapima shati kwa mwili wa jirani halafu anashangaa linambana.

Kwenye doa jeusi namba ilikuwa 70, haikuwa mbali sana. Kilichoruka ni mshale wa pembeni, ule unaoonyesha wingi wa madini: kutoka mistari mitatu hadi saba. Wengi huchanganya vipimo hivi viwili. Namba hueleza aina ya jibu la udongo, mshale hueleza nguvu yake. Udongo wenye namba ya kawaida lakini nguvu nyingi bado utaificha pete, kwa sababu kosa dogo la usawazishaji hukuzwa na nguvu ile.

Mashine yangu inaweza kujisawazisha yenyewe wakati wote unapotembea. Niliizima kazi hiyo. Kwenye udongo unaobadilika kila hatua ina maana yake, lakini hapa tulijua mipaka ilipo, na mashine inayojifuata yenyewe yaweza kuizoea sauti dhaifu ukiirudia rudia mahali pamoja, ikaihesabu kuwa udongo. Tukaamua: 64 kwa matuta, 70 kwa doa, na koili ndogo ndani ya doa. Koili ndogo huona udongo kidogo kwa wakati mmoja, kwa hiyo hubeba madini machache. Inapoteza kina ardhini pa kawaida, lakini penye udongo mkali haipotezi sana, maana kina cha koili kubwa huko ni cha kwenye karatasi tu.

Usikivu na kichujio

Kichujio nilikifungua chote. Chuma kikapewa sauti nzito ya chini badala ya kunyamazishwa. Dhahabu nyembamba huangukia kwenye namba zile zile za karatasi ya alumini na vifuniko vya makopo, na hakuna anayeweza kuzitenganisha kwa namba peke yake. Tena namba ya hewani haidumu ardhini. Pete ya binti ilikuwa 38 hadi 41 ikiwa juu, lakini kwenye sentimita 10 iliruka kati ya 30 na 44. Kichujio changu cha 35 kilikuwa kinaikata katikati. Tulikubaliana kuchimba kila kitu kati ya 20 na 55.

Usikivu tuliupima kwa pete badala ya masikio. Kwenye 12 pete ilisikika hadi sentimita 10. Kwenye 16 hadi 13. Kwenye 18 ikarudi 12, kelele ikiwa imeongezeka. Tukasimama 16. Chini ya nyaya haikuwezekana kuzidi 10, na pale pete ilisikika hadi sentimita 7 tu. Tuliiandika sehemu hiyo daftarini peke yake.

Upekuzi

Tulifunga kamba, tukagawa shamba kwa mistari ya mita moja. Koili chini, sambamba na udongo, kila pigo likifunika nusu ya lililotangulia. Mwisho wa kila mstari kijana alishika koili tuli kwa sekunde tano na kusikiliza. Utaratibu huo ulionekana wa kupoteza muda mpaka kwenye mstari wa tisa, aliposema, "Kaka, tiki imerudi." Uzio ulikuwa umewashwa tena, bila taarifa, na hatukujua kwa muda gani. Tulimtuma mtu kwa jirani, kisha tukarudia mistari miwili.

Tulichimba mara 31. Alumini, vizibo, waya, alumini tena. Kijana alianza kuchoka kwenye ya ishirini, na sikumlaumu.

Ya 31 ilikuwa kwenye ukingo wa doa jeusi, mahali ambapo siku ya kwanza nilipita angalau mara mbili. Haikuwa sauti ya kukufanya uruke. Namba zilisoma 31, 36, 43, 34. Kilichonishika ni kwamba ilijibu koili ikienda na ikirudi, na nilipogeuka robo mzunguko na kupita kwa njia ya msalaba bado ilikuwa pale pale. Milio ya udongo wa doa ilikuwa inahama au kufa nikibadilisha uelekeo.

Kijana akakata bonge la udongo, akalipitisha mbele ya koili: halipo humo. La pili likalia. Akalivunja taratibu kwa vidole gumba, na pete ikaonekana upande wake mmoja, nyeusi kwa tope, mzizi mwembamba wa gugu umeshapita katikati yake kama uzi kwenye sindano. Rula ilisema sentimita 11.

Kuizika tena

Kabla ya kuikabidhi niliomba ruhusa ya kuirudisha shimoni. Mama alicheka kwa mashaka. "Umeipata, halafu unaizika tena?" Tukaifunga uzi, akashika mwisho wa uzi mwenyewe, hakuuachia hadi tulipomaliza.

Nilitaka kujua ni kosa gani hasa lililotunyima. Tukairudisha kwenye sentimita 11, tukashindilia udongo. Mpangilio mzima wa siku ya kwanza: kimya. Nikarekebisha usawazishaji wa ardhi peke yake: kimya bado. Nikafungua kichujio peke yake, mengine yakibaki ya siku ya kwanza: milio mingi, ila ilikuwa ya udongo, na pete haikutambulika humo. Usikivu peke yake, kutoka 8 hadi 16 bila kurekebisha ardhi: ghasia. Nikaunganisha ardhi na kichujio, usikivu ukiwa 8: sauti iliyokatika, mara moja katika mapigo matano. Nikapandisha usikivu hadi 16: ikasikika kila pigo.

Jaribio hilo lina dosari. Udongo uliochimbwa na kurudishwa haujibu sawa na ule uliotulia, na uzio na inveta vilikuwa vimezimwa wakati wote, hivyo siku ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko ilivyoonekana hapa.

Kilichofanya kazi na kilichotuangusha

Pete ya majaribio ndiyo iliyookoa kisa hiki. Bila hiyo tungebadilisha vitufe siku ya pili kama siku ya kwanza, tukiongozwa na utulivu wa mashine. Kimya cha detekta kina maana mbili, hakuna kitu au haisikii, na masikio hayawezi kuzitofautisha. Kitu kinachofanana na unachokitafuta, kikizikwa kwenye udongo ule ule, kinaweza.

Kugawa kelele kwa vyanzo kulitusaidia karibu sawa na hilo. Ukishusha usikivu, kelele zote hupungua pamoja na sauti ya pete. Ukizima uzio, kelele inapungua na pete inabaki. Vitufe vilipaswa kuja mwisho, baada ya simu, waya na kutembea hadi kwa jirani.

Siku ya kwanza makosa yalibebana. Usawazishaji mbaya wa langoni ulileta kelele, kelele ikanifanya nipandishe kichujio, kichujio kikakata namba za pete, na utulivu uliopatikana ukathibitisha kwamba nimefanya vema. Kila hatua peke yake ilikuwa na sababu. Hata jaribio la kuzika tena lilionyesha hivyo: kurekebisha moja hakukutosha.

Siku ya pili nayo haikuwa safi. Hatukumwambia jirani kwa nini muda ule ni muhimu, tulisema tu "mpaka saa saba", naye akawasha mapema kwa sababu zake. Tungemwachia namba ya simu. Pia nilitangaza jibu siku ya kwanza kwa lugha ya uhakika nisiyokuwa nayo. Nilichokuwa na haki ya kusema ni: "Juu juu hatujaiona, chini hatujui."

Na sehemu ya chini ya nyaya, mistari minne, ilibaki na kina cha sentimita 7. Kama pete ingekuwa huko kwenye 11, tungeondoka mara ya pili mikono mitupu. Kukopa mashine ya mapigo kusingetusaidia sana pale, kwani hizo huvumilia udongo mkali lakini kelele za umeme huziumiza zaidi. Tungeanza na koili ndogo, ambayo hunasa kelele kidogo zaidi ya hewani, na kupima upya kwa pete ya uzi. Hatukuijaribu. Daftarini mistari hiyo bado imeandikwa: haijahakikiwa.